Herufi ndogo, herufi zenye ukungu: resolusheni si kitufe cha kukuza maandishi

“Mtaalamu, habari za kazi. Mimi kazi yangu ni mahesabu, nashinda mbele ya kompyuta ya mezani kutwa nzima. Nilikuwa na monita ya inchi 22 yenye resolusheni ya 1680 kwa 1050. Nikaibadilisha, nikachukua ya inchi 27 yenye 2560 kwa 1440, nikijua nitaona vizuri zaidi. Badala yake herufi zikawa ndogo kuliko zamani! Kijana wa ofisini akanishushia resolusheni hadi 1920 kwa 1080. Herufi zikakua kweli, lakini sasa zina ukungu. Nimejaribu pia kurudisha resolusheni juu na kuweka ukubwa wa 125%. Hapo karibu kila kitu kinakaa sawa, isipokuwa programu yetu ya zamani ya mahesabu, hiyo bado ina ukungu, na ndiyo ninayoitumia zaidi. Jioni macho yanawaka na kichwa kinauma. Je, monita ni mbovu, niirudishe? Ninunue kadi ya grafiki? Niongeze fonti? Mwenzangu ana Mac na herufi zake ni nene na laini, labda nihamie huko? Na je, ninaharibu macho?”

Pole kwa macho na kichwa. Nianze na lile la kurudisha monita: kwa maelezo haya sioni dalili kwamba ni mbovu, na kadi mpya ya grafiki haitakusaidia chochote. Kijana wa ofisini alikuwa na nia njema, ila alishika kitufe kisichohusika. Wewe mwenyewe, ulipojaribu ile 125%, ulikuwa umeshafika karibu kabisa na jibu. Kilichobaki ni programu moja kaidi, nayo ina dawa yake.

Ushauri wa “shusha resolusheni herufi zikue” ni wa siku nyingi, na zamani ulikuwa na mantiki. Kwenye monita za kichogo picha ilichorwa na mwale wa elektroni uliopita mstari baada ya mstari, na mwale huo uliweza kuchora mistari mingi au michache bila picha kuharibika sana. Monita bapa haina uhuru huo. Pikseli zake, yaani vile vinukta vidogo vinavyounda picha, zimepangwa kiwandani, zikahesabiwa, zikaganda hapo. Yako ina pikseli 2560 kwa upana na 1440 kwa kimo, na zitabaki hizo hizo hata uiambie nini kompyuta. Hiyo ndiyo resolusheni asilia ya monita, na ndiyo ambayo Windows huiandikia neno Recommended pembeni.

Sasa tuangalie herufi moja kwa karibu. Chukua l ndogo. Kwenye maandishi ya ukubwa wa kawaida, mguu wake ni mstari mweusi wenye unene wa pikseli moja hivi. Ukiiagiza kompyuta itume picha ya 1920 kwa 1080, mstari huo unafika kwenye monita ukiwa na unene huo huo wa pikseli moja, halafu monita inatakiwa kuitandaza picha nzima kwenye kioo chenye pikseli 2560. Gawa 2560 kwa 1920: unapata moja na theluthi. Yaani kila pikseli tatu za picha zijaze pikseli nne za kioo, na mguu wa l uwe na unene wa pikseli moja na theluthi. Theluthi ya pikseli haipo. Monita inakisia: pikseli moja inakuwa nyeusi na jirani yake inapakwa kijivu, au zote mbili zinapakwa kijivu kilichokolea. Herufi inayofuata imeangukia mahali pengine, kwa hiyo kijivu chake kinakaa upande mwingine. Ukungu unaouona ni huo ukijivu uliozagaa pembeni mwa kila herufi. Ukibaki kwenye resolusheni hiyo, hakuna mpangilio mwingine wa Windows utakaouondoa, kwa sababu kwa kawaida unatokea ndani ya monita, baada ya kompyuta kumaliza kazi yake.

Mbona basi herufi zilikuwa ndogo ulipoiwasha mara ya kwanza? Hapo ni hesabu tu, na wewe ni mtu wa hesabu. Monita yako ya zamani ilikuwa na pikseli kama 90 katika kila inchi. Hii mpya ina kama 109. Windows, ikiwa kwenye 100%, huchora herufi kwa idadi ile ile ya pikseli bila kujali pikseli zenyewe zina ukubwa gani. Msingi wake ni pikseli 96 kwa inchi. Pikseli zikiwa ndogo, herufi nazo zinakuwa ndogo, kwako kwa kama asilimia 17. Kioo kimekuwa kikubwa, lakini kila kilichomo kimesinyaa. Watu wengi wanaonunua monita kubwa wanakutana na mshangao huu, na wauzaji hawautaji.

Dawa yake ni ukuzaji, ile asilimia uliyoiona kwenye mipangilio ya skrini mbele ya neno Scale. Watu huichanganya na resolusheni kwa sababu zote mbili hukuza herufi, ila njia zake ziko mbali mbali kabisa. Fonti ya kisasa haihifadhi picha ya herufi. Inahifadhi umbo lake kwa mistari na mikunjo, kihesabu. Ukiweka 125%, Windows inaichukua ile l, inakokotoa upya umbo lake kwa ukubwa mpya, na kuichora moja kwa moja juu ya pikseli halisi za kioo. Hakuna picha inayovutwa. Herufi inapata pikseli zaidi za kuchorewa, kwa hiyo mara nyingi inakuwa safi kuliko ilivyokuwa kwenye 100%.

Kwako 125% imekaa vizuri sana. Herufi zinakuwa kubwa kidogo, asilimia tatu hivi, kuliko ulivyozoea kwenye monita ya zamani, na bado unabaki na nafasi ya kazi inayolingana na 2048 kwa 1152. Ulikuwa na 1680 kwa 1050. Maana yake lahajedwali yako itaonyesha safu wima nyingi zaidi kuliko zamani, kwa herufi zisizopungua ukubwa. Ukikaa kwenye 1920 kwa 1080, pikseli milioni 3.7 ulizozinunua unazitumia kama milioni 2.1 hivi, na hizo zenyewe unaziona kwa ukungu.

Usiandike asilimia yako mwenyewe kama 118 au 133 kwenye sehemu ya ukuzaji maalumu; chagua zile zilizoorodheshwa. Ukiona 125% haitoshi, acha ukuzaji hapo hapo, nenda kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) na usogeze kitelezi cha ukubwa wa maandishi. Chenyewe hukuza maandishi peke yake, hadi 225%, bila kunenepesha vitufe na madirisha. Na ukibadilisha ukuzaji, toka kwenye akaunti yako kisha uingie tena. Programu zilizokuwa wazi wakati wa mabadiliko mara nyingi hazijirekebishi hadi ufanye hivyo, na wapo wanaokata tamaa na 125% kabla hawajaiona inavyoonekana kwa kweli.

Tuje kwenye programu yako ya mahesabu. Programu za zamani ziliandikwa wakati ambapo kila monita ilichukuliwa kuwa ya pikseli 96 kwa inchi. Hazijui kwamba kuna kitu kinaitwa ukuzaji. Windows inapokutana nayo haiwezi kuiomba ichore herufi upya, kwa hiyo inaiacha ichore dirisha lake kwa ukubwa wa zamani, pembeni, halafu inalivuta dirisha zima kama picha hadi lifike 125%. Umeona kinachotokea? Ni kosa lile lile la resolusheni ya chini, isipokuwa safari hii linafanywa na Windows badala ya monita, kwa dirisha moja tu.

Fanya hivi. Funga programu. Bofya kulia ikoni yake, fungua sifa zake, nenda kwenye kichupo cha Compatibility, kisha kitufe cha kubadilisha mipangilio ya DPI ya juu (DPI ni idadi ya vinukta kwa inchi). Chini kabisa kuna kisanduku cha kuingilia kati tabia ya ukuzaji. Kiwekee tiki, na kwenye orodha iliyo chini yake chagua ile ya System yenye neno Enhanced. Chaguo hili lilikuja na Windows 10 mwaka 2017. Linaiwezesha Windows kuyachora maandishi ya programu nyingi za zamani upya kwa ukubwa sahihi badala ya kuyavuta. Ikoni na picha ndogo ndani ya programu zinaweza kubaki na ukungu kidogo, lakini tarakimu zitasomeka.

Haifanyi kazi kwa kila programu. Zipo zinazochora maandishi kwa njia zao wenyewe, na hizo hazitabadilika. Wakati mwingine maandishi yanakua lakini vitufe havikui, na tarakimu ya mwisho inakatwa. Kwa mhasibu hiyo ni hatari kuliko ukungu, kwa hiyo kabla ya kuanza kazi fungua ripoti yenye namba ndefu uhakikishe inaonekana yote. Likitokea hilo, chagua Application kwenye orodha ile ile: programu itachora yenyewe kwa ukubwa wa zamani, herufi zikiwa safi lakini ndogo. Kwa programu unayoitumia kutwa sikushauri ukae hivyo muda mrefu. Waulize waliowatengenezea kama kuna toleo jipya linalofuata ukuzaji wa skrini. Swali hilo si geni kwao.

Kuna njia ya kujua ukungu unatoka wapi bila kubahatisha, nami huitumia kabla ya kugusa mpangilio wowote. Bonyeza kitufe kilicho kwenye mwili wa monita ili menyu yake yenyewe itokee, ile ya mwangaza na rangi. Menyu hiyo haitoki kwenye kompyuta. Monita huichora yenyewe. Ikiwa maandishi yake yana kingo safi huku yaliyo nyuma yake yana ukungu, kioo ni kizima na tatizo liko kwenye kinachotumwa. Baada ya hapo piga picha ya skrini, sio kwa simu bali kwa kompyuta yenyewe, na uifungue kwenye kompyuta nyingine kwa ukubwa wa 100%. Ikiwa picha ina ukungu, anayeharibu ni Windows au programu. Ikiwa ni safi, uharibifu unatokea njiani: resolusheni isiyo asilia, kebo, au mipangilio ya monita. Picha ya skrini uliyoipiga ukiwa kwenye 1920 kwa 1080 itakuwa safi kabisa, na wengi hapo huchanganyikiwa.

Ukisharudisha resolusheni asilia na ukuzaji ukakaa, ndipo inafika zamu ya kulainisha kingo za herufi. Kila pikseli ya monita ya kawaida ina vipande vitatu vilivyosimama sambamba: chekundu, kijani na bluu. Mwaka 1998 Microsoft ilitangaza ClearType, mbinu inayotumia vipande hivyo kana kwamba kila kimoja ni pikseli ndogo, kwa hiyo ukingo wa herufi unaweza kuishia theluthi ya pikseli badala ya kungoja pikseli nzima. Ikuze picha ya skrini mara nane hivi uitazame ile l: mara nyingi upande wa kushoto utaona wekundu hafifu, na wa kulia ubluu. Rangi hizo si ugonjwa. Kwa umbali wa kawaida jicho linazichanganya na kuona ukingo mkali.

Zinageuka ugonjwa pale mpangilio wa vipande usipolingana na Windows inavyodhani. Monita chache zimepangwa bluu kwanza. Ukiisimamisha monita wima, vipande vinalala. Baadhi ya monita za OLED, zile ambazo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, zina mpangilio tofauti kabisa. Hapo utaona herufi zenye vivuli vya rangi hata ukiwa umekaa mbali. Andika cttune kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, na utaletewa kirekebishi kinachokuonyesha visanduku vya maandishi uchague kinachosomeka vizuri. Kifanye ukiwa umekaa unavyokaa kazini, na miwani yako ya kazini kama unayo. Usisogeze uso karibu na kioo kutafuta kilicho bora, maana hutasoma kutoka huko.

Kuhusu Mac ya mwenzako, umeona sawasawa, herufi zake ni tofauti. Fikiria unachora herufi kwenye daftari la miraba. Windows kwa jadi huusogeza mguu wa herufi kidogo uingie kwenye mraba wake, kwa kufuata maelekezo yaliyomo ndani ya fonti yenyewe. Herufi inakuwa kali lakini nyembamba, na umbo lake linapinda kidogo. Apple inaliacha umbo kama msanii wa fonti alivyolichora, hata likikanyaga mistari. Herufi inakuwa nene na laini, karibu na ilivyo kwenye karatasi. Ni suala la mazoea kuliko ubora. Ila kwenye monita yako hii usiihamie Mac kwa ajili ya herufi. Mwaka 2018, kwa toleo la mfumo wa Mac liitwalo macOS Mojave, Apple ilizima kwa chaguo-msingi ule ulainishaji wa vipande vya rangi, ikiegemea kwenye vioo vyake vyenye pikseli kama 220 kwa inchi. Kwenye kioo cha pikseli 109 kwa inchi, herufi za Mac huonekana laini mno kwa wengi. Unene anaojivunia mwenzako huenda unatoka kwenye kioo chake.

Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nayo inatoa vitufe vyote hivi waziwazi, kiasi cha kufuata ile miraba na mpangilio wa vipande, ila kwa hali yako sioni sababu ya kwenda huko.

Kadi ya grafiki haipambi herufi. Kazi yake hapa ni moja: kuweza kutuma resolusheni asilia ya monita. Yako inaiweza, maana uliiona 2560 kwa 1440 kwenye orodha. Ingekosekana, ningekuambia uanze na draiva (programu inayoiendesha kadi), kisha kebo, kisha ujaribu tundu la DisplayPort badala ya HDMI, na kadi ndiyo ingekuwa ya mwisho. Fonti za kuongeza hazisaidii pia, kwa sababu Windows haitazitumia kwenye menyu wala kwenye programu yako. Lakini kwenye lahajedwali unazozitengeneza mwenyewe chagua fonti iliyobuniwa kwa ajili ya skrini. Verdana, aliyoibuni Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft na kutoka mwaka 1996, bado ni kimbilio zuri: 1, l na I zake hazifanani, na kwa mtu wa tarakimu hilo si dogo.

Mambo mawili ya njiani uyaangalie. Kwenye skrini, andika maneno mekundu juu ya usuli wa bluu au mweusi. Ikiwa hayo yana ukungu na meusi juu ya nyeupe hayana, kompyuta inaichukulia monita kama televisheni na kupunguza taarifa za rangi. Kwenye programu ya kadi ya grafiki badilisha muundo wa rangi uwe RGB (yaani nyekundu, kijani na bluu). Na kwenye menyu ya monita kuna kipimo cha Sharpness. Kikiwa juu mno, kila herufi inavikwa ukanda mweupe pembeni. Kishushe taratibu ukitazama maandishi meusi juu ya kijivu hadi ukanda upotee, kisha uache hapo hapo.

Macho. Maandishi yenye ukungu hayaharibu jicho kwa kudumu. Yanalichosha, kwa sababu misuli ya kulenga inatafuta ukingo usiokuwepo, na mtu anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache hivyo macho yanakauka na kuwaka. Weka kioo umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho, na kila baada ya dakika 20 hivi tazama kitu cha mbali kwa muda mfupi. Kama umri umepita miaka 40, inawezekana kabisa uwezo wa kusoma karibu umeanza kupungua, na monita mpya imeonyesha tu kilichokuwa kinakuja. Ukijikuta unainua kidevu ili kusoma kwa sehemu ya chini ya miwani, unahitaji miwani ya umbali wa kompyuta, na hiyo inapimwa, haibuniwi.

Baada ya kurekebisha haya yote, jipe wiki mbili. Kichwa kikiendelea kuuma, au ukiona vizuri zaidi ukifumba jicho moja, nenda kwa mpimaji wa macho. Kuona vitu viwili viwili kwa ghafla, mimweko ya mwanga au kivuli kinachofunika sehemu ya jicho hakusubiri wiki mbili. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na monita utairudisha lini? Ikiwa menyu yake yenyewe ina ukungu au mistari, ikiwa pembe moja haisomeki huku nyingine zinasomeka, au ikiwa tatizo linabaki vile vile ukiiunganisha na kompyuta nyingine kwa kebo nyingine ikiwa kwenye resolusheni asilia. Fanya jaribio hilo kabla muda wa kurudisha haujaisha, ipige picha menyu ikiwa wazi, na ukienda kwa muuzaji beba na kebo uliyokuwa ukiitumia, maana hicho ndicho kitu cha kwanza atakachotaka kukibadilisha.